Masisi haina bahari, lakini miamba ya bandia ina somo kwa milima yake

Maji ya mvua yanayonyesha juu ya milima ya Masisi hayaishii bondeni. Yanayoteremka upande wa magharibi huingia mto Oso, hupita katika misitu ya Walikale, huungana na mto Lowa, kisha humwagika katika Lualaba, yaani mto Kongo wenyewe. Yale ya upande wa Sake, Shasha na Kirotshe huingia ziwa Kivu, hutoka kwa mto Ruzizi hadi ziwa Tanganyika, na kutoka huko hufuata mto Lukuga mpaka Lualaba. Njia ni mbili, lakini mwisho ni mmoja: bahari ya Atlantiki, jirani na Muanda, kwenye pwani fupi ya nchi yetu yenye kilomita zipatazo 40 tu.

Huko Muanda bahari inakula nchi kavu. Ukingo wa udongo unameguka mwaka hadi mwaka, na majengo yaliyokuwa mbali na maji yamejikuta ukingoni. Serikali na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, wamekuwa na mradi wa kuwasaidia wakaaji kukabiliana na hali hiyo. Mkulima wa Masisi akielezwa shida hiyo hahitaji mkalimani. Anaijua: maji yenye nguvu yamekutana na udongo usio na kinga.

Katika nchi nyingine zenye pwani, wahandisi wamejaribu kinga ya namna yake. Ni mwamba wa bandia, unaojengwa chini ya maji mbali kidogo na ufuko, ili wimbi livunjike kabla halijafika. Baadhi ya miamba hiyo ilipewa kazi mbili kwa pamoja: kulinda mchanga wa ufuko, na kutengeneza mawimbi mazuri kwa watu wanaocheza mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao.

Miaka zaidi ya 25 imepita tangu majaribio ya kwanza makubwa, na matokeo yake yanafaa kusomwa hata na watu ambao hawajaona bahari. Maswali yaliyoulizwa huko ni yetu pia: maji yazuiwe wapi, na kinga ikishajengwa nani ataitunza?

Wimbi huanguka likigusa chini

Wimbi likiwa kwenye maji ya kina kirefu husafiri bila kizuizi. Likikaribia pwani, sehemu yake ya chini huanza kuhisi sakafu ya bahari na kupunguza mwendo, huku sehemu ya juu ikiendelea kwa kasi. Linainuka, linapinda, linaanguka. Kwa kawaida hilo hutokea pale kina cha maji kinapozidi kidogo tu urefu wa wimbi lenyewe. Kwa hiyo anayetaka wimbi livunjike mita 200 kutoka ufukoni anahitaji kuinua sakafu ya bahari mahali hapo. Akiweka mawe, saruji au mifuko ya mchanga ya kutosha, wimbi litajikwaa humo, litapoteza nguvu zake nyingi, na litakalofika ufukoni litakuwa limechoka. Nyuma ya mwamba maji hutulia, na mchanga unaosafirishwa na bahari hupata mahali pa kutua.

Mwanamichezo mwenye ubao anataka jambo jingine. Wimbi likianguka lote kwa mara moja, kwake halina faida. Anahitaji wimbi linalomeguka polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ili ateleze kwenye sehemu ambayo bado imesimama. Kijana anayeshuka na chukudu iliyosheheni mizigo kutoka Mushaki hadi Sake anaweza kumwelewa: raha iko kwenye mteremko mrefu usiokatika ghafla.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Mwenye ufuko anataka wimbi life mapema, na mwanamichezo anataka liishi sekunde nyingi zaidi. Kuwaridhisha wote wawili kwa lundo moja la mawe kunahitaji hesabu sahihi za umbo, kina na mwelekeo, tena mahali ambapo sakafu ya mchanga haitulii.

Mifuko ya mchanga ya Gold Coast

Mji wa Gold Coast nchini Australia unaishi kwa utalii wa fukwe. Mwaka 1967 dhoruba kadhaa zilifuatana na kuzoa mchanga wake, na tangu wakati huo mji huo umekuwa ukipigana na mmomonyoko. Kati ya 1999 na 2000 ulijenga mwamba wa bandia mahali paitwapo Narrowneck. Mifuko zaidi ya 400 ya kitambaa kigumu ilijazwa mchanga na kuzamishwa, mingine ikiwa na uzito unaofikia tani 300.

Mwamba huo haukuachwa peke yake. Pamoja nao, zaidi ya mita za ujazo milioni moja za mchanga zilimwagwa kwenye fukwe ili kuzipanua. Kama kinga ya ufuko, mradi wa Narrowneck unahesabiwa miongoni mwa iliyofanikiwa. Wenye ubao hawakupata yote waliyotarajia. Na mifuko haikudumu milele: mingine ilizama, mingine ikachanika, hivi kwamba kati ya 2017 na 2018 ilibidi mwamba ufanyiwe ukarabati kwa mifuko mipya. Mji huohuo ulipojenga mwamba mwingine kwenye ufuko wa Palm Beach mwaka 2019, ulitumia mawe makubwa badala ya mifuko.

Kwingine hali ilikuwa mbaya zaidi. Huko El Segundo, California, kampuni ya mafuta ya Chevron ilijenga gati la mawe kulinda mabomba yake, na ikaonekana kwamba gati hilo limeharibu mawimbi ya wanamichezo. Ilitakiwa kulipa, na dola 300,000 zikatumika kujenga mwamba wa mifuko 200 hivi mwaka 2000. Ulikuwa mdogo mno kwa bahari ile. Mawimbi hayakubadilika kwa kiasi cha kuonekana, mifuko ikachanika, na kabla ya miaka 10 kutimia kazi ikageuka kuwa ya kuiondoa.

Uingereza nayo ilifungua mwamba wa Boscombe, katika mji wa Bournemouth, mnamo Novemba 2009. Uligharimu zaidi ya pauni milioni 3. Wataalamu walipoupima mwaka uliofuata, walikuta umetimiza malengo 4 tu kati ya 11. Mwaka 2011 ulifungwa kwa sababu za usalama baada ya mifuko kuharibika, mmoja ukikatwa na pangaboi la boti. Mwamba wa Kovalam, katika jimbo la Kerala nchini India, ulijengwa 2010, nao ukaharibiwa na bahari ya msimu wa masika. Kampuni ya New Zealand iliyohusika na miradi hiyo miwili ilifilisika mwaka 2012.

Kosa halikuwa la mifuko pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikusanya habari za vizuizi vilivyojengwa chini ya maji sehemu mbalimbali za dunia, na ukakuta kwamba nyuma ya vingi vyao ufuko uliliwa zaidi badala ya kupona. Sababu ni rahisi kuieleza. Wimbi linapovunjika juu ya kizuizi, humwaga maji upande wa ndani. Maji hayo lazima yarudi baharini, na yasipopata njia pana hutoka kwa kasi pembeni, yakibeba mchanga uleule uliokusudiwa kulindwa. Kizuizi kikiwekwa karibu mno au kikielekezwa vibaya, kinageuka kuwa mfereji wa kuondoa ufuko.

Ukuta unaojijenga wenyewe

Pwani za Kenya na Tanzania zimekuwa na miamba ya namna hii kwa maelfu ya miaka, bila mhandisi wala bajeti. Ni matumbawe: wanyama wadogo wanaojenga mifupa ya chokaa, kizazi juu ya kizazi, mpaka ukuta mrefu unainuka mbele ya ufuko. Utafiti uliounganisha vipimo vya nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa 97%. Mtu anayeogelea kwa utulivu kwenye ufuko wa Diani au wa mashariki ya Unguja anaogelea nyuma ya ukuta huo.

Ukuta huo una sifa ambayo mfuko wa mchanga hauna. Ukivunjika, hujitengeneza, ilmradi uwe hai. Ukifa, hubaki jiwe linalolika. Mwaka 1998 bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Ushelisheli ikafa. Wanasayansi waliofuatilia visiwa hivyo waliandika mwaka 2005 kwamba matumbawe yaliyokufa yalipomomonyoka, maji juu ya mwamba yaliongezeka kina, na mawimbi yanayofika ufukoni yakawa na nguvu kuliko zamani.

Maldives ilijifunza hivyo kwa njia yake. Watu wa mji mkuu, Malé, walichimba matumbawe kwa miaka mingi ili kujengea nyumba. Mwaka 1987 mawimbi makubwa yaliingia mjini. Nchi ikalazimika kuuzungushia mji ukuta wa zege baharini, kwa msaada wa Japani.

Tanzania ina mfano wake katika kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa na miti, na kasa wengi walikuja kutaga humo. Miti iliyokuwa ikishika mchanga ilitoweka, mawimbi yakamalizia, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kilichobaki kilikuwa fungu la mchanga linalofunikwa na maji kujaa.

Ndiyo maana juhudi kubwa za Afrika Mashariki zimeelekea kwenye kuutunza ukuta ulio hai. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kimelindwa tangu 1994, na mwamba wake unabaki kati ya ile inayosifiwa kwa uzima. Huko Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walikubaliana katika miaka ya 2000 kufunga sehemu ya bahari yao ili samaki na matumbawe wapumzike. Kisiwani Wasini, kusini mwa Kenya, wanakijiji wa Mkwiro hushirikiana na shirika la REEFolution kuzamisha miundo midogo na kupandikiza vipande vya matumbawe juu yake. Hiyo pia ni miamba ya bandia, lakini bandia yake ni ya kuanzia tu. Mwanadamu huweka kiunzi, na mnyama humalizia ujenzi.

Mwamba wa Masisi ni mtaro

Tukipanda tena kutoka pwani hadi milimani, kanuni haibadiliki. Anayengoja maji yafike kwenye mlango wa nyumba ndipo ajenge ukuta amechelewa. Nguvu yake inavunjwa juu, kabla hayajakusanyika.

Wakulima wa Masisi wanajua chombo cha kazi hiyo. Ni mtaro unaochimbwa kukatisha mteremko, ukifuata usawa wa mlima, huku ukingo wake ukipandwa matete au miti. Maji yanayokimbia hujikwaa humo kama wimbi linavyojikwaa kwenye mwamba: yanapunguza mwendo, yanaacha udongo uliobebwa, na sehemu yake inazama ardhini badala ya kuteremka na shamba.

Mitaro hiyo ina historia chungu. Wakati wa utawala wa Wabelgiji wakulima wa Kivu walilazimishwa kuichimba, na kazi ya kulazimishwa haipendwi hata ikiwa na faida. Baada ya uhuru mingi iliachwa ikajaa. Miradi ya kilimo iliyokuja baadaye iliichimba upya, sehemu nyingine zaidi ya mara moja. Hapo tunarudi kwenye mifuko ya Narrowneck. Mtaro usiposafishwa hujaa udongo kwa misimu michache, na mtaro uliojaa hauzuii kitu. Maji huupita juu, yakiwa yamekusanyika na kupata nguvu mpya.

Lakini ni nani atakayeusafisha? Mkulima anayelima kwenye famu ya mtu mwingine, kwa mapatano ya msimu mmoja, hana sababu ya kutunza mtaro utakaomfaa mwenye ardhi. Familia isiyojua kama itavuna haipandi mti wa miaka minane. Vita vimelifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Rubaya ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-kati Januari 2025, na Machi 2025 mapigano yakafika mpaka Walikale-kati. Kila kijiji kinachokimbia kinaacha mitaro yake, na kila kambi inayoanzishwa inahitaji kuni, zinazotoka kwenye miteremko ileile.

Gharama yake inahesabiwa kwa watu. Aprili 2023 maporomoko ya udongo wilayani Masisi yaliua watu wapatao 20, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa chini ya mlima wakifua nguo na kuosha vyombo. Mwezi mmoja baadaye, katika wilaya jirani ya Kalehe, mito ilifurika na mawe yakaporomoka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walizidi 400. Huko Rubaya, ambako koltani huchimbwa kwa majembe na makoleo kwenye miteremko iliyovuliwa majani, ardhi imewaangukia wachimbaji zaidi ya mara moja.

Isidhaniwe kwamba mtaro unatosha kuzuia yote hayo. Kama vile mwamba uliowekwa vibaya unavyoweza kuula ufuko, mtaro uliochimbwa kwenye mlima mkali wenye udongo mzito unaweza kunywesha ardhi maji mengi kupita kiasi, na kuusaidia mlima kuteleza. Mahali pa namna hiyo panahitaji miti yenye mizizi mirefu, na penginepo panahitaji watu wasijenge kabisa. Kazi ya kupima inakuja kabla ya kazi ya jembe.

Walikale bado ina mwamba ulio hai

Mtu akishuka kutoka Masisi kuelekea Walikale, malisho na mashamba hubadilika kuwa msitu. Sehemu ya nyanda za chini ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyopanuliwa mwaka 1975, inaingia katika wilaya hiyo, na upande wa kaskazini kuna msitu wa Maiko. Kwa udongo, msitu huo ni kama matumbawe kwa ufuko. Majani ya juu huvunja tone la mvua, majani makavu chini hulipokea, mizizi hushika kilichobaki. Mti ukianguka, mwingine huota. Hakuna mradi unaolipia ukarabati.

Kinga hiyo inaliwa pembeni. Uchimbaji wa kasiteriti na dhahabu hufungua njia, njia huleta mashamba, na mahitaji ya makala, yaani mkaa, na mbao kwa miji hayapungui. Hata hivyo, Walikale ina kitu ambacho Masisi inakitafuta kwa jembe: bado inaweza kulinda kabla ya kujenga. Sheria nayo ipo. Amri ya Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kienyeji kumilikishwa msitu wake hadi hekta 50,000 na kuusimamia yenyewe, na jamii kadhaa za Walikale zimekwisha kupata hati hizo. Hati peke yake haizuii msumeno, lakini inampa mwanakijiji sababu ambayo mkulima wa msimu mmoja hana. Anachokitunza leo kitakuwa chake kesho.

Maswali ya kumwuliza mleta mradi

Miradi ya kuzuia mmomonyoko itaendelea kuja Kivu ya Kaskazini amani ikipatikana, ikiwa na kuta za mawe, masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, na mitaro mipya. Yaliyotokea Boscombe na El Segundo yanawapa wakaaji haki ya kuuliza mapema. Je, maji ya mlima huu yamepimwa, au mchoro umetoka mahali pengine? Yakizuiwa hapa yatapita wapi, na jirani wa chini amearifiwa? Kinga hii ina kazi moja au imepewa mbili zinazovutana? Na fedha za mwaka wa tano, mwenye mradi akishaondoka, ziko mikononi mwa nani?

Gold Coast ilifanikiwa kuliko wengine kwa sababu ilirudi baada ya miaka 17 ikiwa na mifuko mipya. Huku milimani ukarabati hauhitaji meli. Mvua hupungua Juni, na hurudi kwa nguvu Septemba. Miezi hiyo michache ya ukavu ndiyo ya kuzoa udongo uliojaa mitaroni, kuurudisha shambani ulikotoka, na kupanda matete upya ukingoni.